Ukuta uliandikwa HAIUZWI, na nyumba ikauzwa

Tangu niuze nyumba ya Temboni, Dar es Salaam, kila mwenye nyumba anayenifahamu ananipigia simu na swali lile lile: dalali wa mtandaoni au wa mtaani? Nikijibu "wote wawili, na nusura wanitoe roho," wanadhani natania. Basi naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrushia hii.

Nianze na ukuta. Mwaka 2014 au 2015 hivi, baba watoto akiwa kazini Tanga na mimi nimekwenda msibani Morogoro, walikuja watu na gari wakaoneshwa nyumba yangu kana kwamba inauzwa. Waliingia mpaka uani, wakahesabu vyumba, wakauliza choo cha nje kina shimo la futi ngapi. Binti wa kazi aliambiwa ni mafundi wa maji. Aliyewashtukia ni jirani yangu anayekaanga vitumbua, na aliwatoa mbio na mwiko wa moto mkononi. Niliporudi nikamwita fundi rangi akaandika ukuta mzima wa mbele, herufi nyekundu kama za kampeni: NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI. Rangi niliinunua mwenyewe, ya mafuta, ile nzuri kabisa. Hilo la rangi ya mafuta mlikumbuke.

Mwaka 2023 mama yangu kule Morogoro akawa hawezi tena kukaa peke yake, nikaamua kuuza. Hapo ndipo niligundua kwamba Dar es Salaam kila mtu ni mtaalamu wa kuuza nyumba isiyo yake. Mpwa wangu: "Shangazi, achana na madalali wa mtaa, siku hizi mteja yuko kiganjani." Shemeji: "Ukiiweka mtandaoni utavamiwa, majambazi watajua una hela." Mwenzangu wa kikoba akanishauri niseme milioni 110 ili watu wapate pa kuombea punguzo. Huyo ndiye nilimsikiliza, na wiki tatu nzima sikupata hata wa kuuliza njia. Watu hawaombi punguzo kwa mtu wanayemwona hana akili, wanapita tu. Nikashuka hadi 78.

Nikaanza na kijana wa mtandaoni. Ukurasa wake wa Instagram una wafuasi kama uwanja wa Taifa siku ya Simba na Yanga. Makubaliano: asilimia 5 nyumba ikiuzwa, na laki moja mkononi "ya kusukuma tangazo". Laki nikatoa. Alikuja amevaa miwani ya jua, na msaidizi, na droni. Watoto wa mtaa mzima walikuwa nyuma yake wakishangilia kile kidude. Sebule yangu aliipiga picha kwa lenzi sijui gani ikatoka kama ukumbi wa harusi. Mwenyewe nilitaka kuinunua. Akaandika: "Dakika 2 kutoka stendi ya Magufuli." Labda ukipanda ile droni.

Tangazo lilitoka saa mbili usiku. Saa tatu mpwa wangu akapiga, anacheka mpaka hawezi kuongea. Picha ya kwanza kabisa, ile ya mbele, imeonesha ukuta wote. Maneno yote. Mtu wa kwanza kuchangia aliandika: "Nyumba inasema haiuzwi, dalali anasema inauzwa. Tumwamini nani?" Kutoka hapo ikawa kijiwe. Mwingine akasema angalau nyumba hii ni mkweli kuliko madalali wote wa Dar. Picha ya droni nayo ilikuwa imechukua kamba yangu ya nguo, kanga tatu na vitu vingine ambavyo sivitaji hapa. Mimi ule ukuta nilikuwa siuoni tena. Ukikaa na kitu miaka minane kinakuwa kama pua yako. Lakini yule kijana, na miwani yake?

Nikamwita fundi aufute. Akaja na chokaa. Nikamuuliza, chokaa juu ya rangi ya mafuta itashika? Akasema, "Mama, wewe niachie mimi." Ikakauka nyeupe pe, nikamlipa. Wiki hiyo hiyo ikanyesha mvua moja tu. Asubuhi nafungua geti, chokaa imechuruzika mpaka barabarani, imebaki mabaka, na neno lililosimama peke yake wazi, jekundu, mita mbili, ni OGOPA. Siku hiyo walikuja wateja wawili. Mmoja hakushuka kwenye bajaji.

Nilikaa kwenye kigoda ng'ambo ya barabara nautazama ule ukuta kwa hasira, nahesabu herufi. HAIUZWI ni herufi saba. INAUZWA, nikahesabu kwa vidole, ni saba! Na zile tatu za katikati, U, Z na W, hazisogei. Nilipiga kelele mpaka jirani wa vitumbua akatoka. Nikamrudisha fundi, safari hii na msasa na nusu lita ya rangi nyekundu, nikamsimamia mwenyewe. Akasugua chokaa yote, akabadilisha herufi nne tu: H ikawa I, A ikawa N, I mbili zikawa A. NYUMBA HII INAUZWA. OGOPA MATAPELI nikaiacha, maana bado ni ushauri mzuri, na chini yake nikaweka namba yangu. Boda wote wa Temboni walikuja kupiga picha. Tangazo lile lilinigharimu kama elfu kumi na tano, na lilitembea kuliko la laki moja.

Kasoro yake ni kwamba namba yako ikiwa ukutani, madalali wa kutoka Ubungo hadi Kibaha wanakuwa ndugu zako. Kila mmoja ana "mteja wa kesh, yuko hapa kwenye gari". Hakuna mteja wala gari. Wanatafuta bei ya chini kabisa waongezee cha juu.

Na hapa ndipo nilipomkamata kijana wangu. Wateja wake walikuwa wanafika wamenuna, na mmoja akanifokea getini kwamba amelipishwa elfu thelathini ya kuoneshwa nyumba. Mimi sikuijua hiyo. Nikamwomba wifi yangu ampigie ajifanye mama anayemtafutia nyumba mwanawe aliyeko Muscat. Tulikuwa mezani, ugali na dagaa, simu tumeiweka spika. Kijana kwa sauti laini: "Mama angu, mwenye nyumba anataka 95. Ila ukiwa tayari kweli, mimi nitambana ashuke hadi 92. Ni mgumu sana yule mama." Yule mama alikuwa ameshika tonge. Wifi, Mungu ambariki, hakucheka, akauliza, "Mgumu kivipi mwanangu?" Akajibu: "Yaani bahili, hata kuufuta ukuta ameshindwa." Sikumwambia kitu wakati ule. Neno kama hilo halitumiwi siku ya kwanza, linawekwa.

Dalali wa mtaani ni mzee anayekaa chini ya mwarobaini pale kwenye kituo cha boda, anauza vocha na anajua kila kiwanja kilipandwa mihogo ya nani. Nilikuwa nimemkwepa kwa sababu ya mpwa wangu. Yeye hana picha hata moja. Ana madhambi yake pia: analeta watu bila taarifa, Jumapili saa moja asubuhi mimi bado na kanga kifuani, anagonga geti kwa jiwe. Tena anasema kila kitu. Nimesimama hapo hapo, anamwambia mteja, "Maji ya bomba ni ya mgao, na huko nyuma kuna korongo, ila halijasogea tangu nilipohamia." Nikamvuta pembeni: mzee, unaniuzia au unaniharibia? Akaniambia, "Mama, haya atayasikia tu. Afadhali ayasikie kwangu wewe ukiwepo kuliko ayasikie kwa boda wewe ukiwa haupo."

Na kweli. Mnunuzi wa Dar mwenye hela yake harudi na dalali. Anarudi peke yake, siku nyingine, amevaa kandambili, anaulizia dukani soda na umbea. Na kwa nyumba za upande wetu swali ni moja: X, ile alama ya nyumba ya kubomolewa. Mwaka 2017 bomoabomoa ya Barabara ya Morogoro ilipita kuanzia Kimara kwenda juu, nyumba nyingi zikaenda chini kupisha upanuzi, na hofu ile haijatoka vichwani mwa watu hata baada ya njia nane kukamilika. Kijana wa mtandaoni akiulizwa kuhusu X anajibu "haina shida kabisa boss", jibu ambalo linamtisha mtu zaidi. Mzee yeye anamchukua mteja kwa miguu kuanzia lami, anamwonesha nyumba ya mwisho iliyovunjwa ilikuwa wapi na nani aliishi humo, halafu wanahesabu hatua mpaka getini kwangu. Watu wanafika wametoka jasho na roho zimetulia.

Mimi ni katibu wa kikoba, na mkono wangu haukai bila daftari. Tangu siku ya kwanza, kila aliyeingia kuangalia nyumba niliandika tarehe, jina, simu, na "ameletwa na nani", kisha akasaini. Mzee alinicheka: "Mama, hapa ubalozini?" Walifika 41. Kama mnachukua kitu kimoja kwangu, chukueni daftari, hata lile la mia tano.

Maana mnunuzi alipopatikana, mambo yalikuwa hivi. Mke, mwalimu, aliona nyumba kwenye simu, ile ile picha ya aibu. Akamwandikia kijana, akaambiwa elfu thelathini, akaahirishwa mara mbili. Mumewe akachoka, Jumamosi moja akashuka Temboni mwenyewe, akawauliza boda, "Iko wapi ile nyumba ya ukutani?" Boda wakamkabidhi kwa mzee. Kwenye daftari langu ni wa 38: "Ameletwa na mzee wa mwarobaini," saini. Walifika, wakaikagua hati yangu ya urasimishaji, yaani ya makazi yaliyotambuliwa rasmi, wakaenda serikali ya mtaa kuuliza kama kuna mgogoro, tukavutana, tukakubaliana 74.

Habari haikulala. Kesho yake kijana yuko barazani kwangu na picha za mazungumzo ya simu: mteja ni wake, anadai asilimia 5 yote. Mzee naye amekaa kwenye ndoo, fimbo mapajani, asilimia 5 yote. Wakaanza kuitana majina. Kumi kwa jumla! Nikaleta daftari nikamwonesha kijana wa 38. Akasema daftari si ushahidi, asiye na picha hana dai, na bila yeye nani angeiona nyumba hii? Nikamjibu polepole: "Baba, utamsamehe yule mama. Ni mgumu sana. Hata kwa 92 hashuki." Akanyamaza. Miwani ikavuliwa. Wifi akapita na chai, akamsalimia, "Hujambo mwanangu, Muscat hawajambo," akaingia zake jikoni.

Hata hivyo sikumnyima. Picha ilikuwa yake, na bila aibu ile mwalimu asingeikumbuka nyumba. Nikatoa asilimia 5 moja: theluthi kwa kijana, mbili kwa mzee. Nikaandika, wakasaini kwenye daftari lile lile. Mpwa wangu anasema nimempunja kijana, shemeji anasema nimemzidishia. Wote wawili hawakutoa hata shilingi.

Mambo ya wakili na uhamisho mnayajua, ni kuzunguka tu. Baba watoto alikuja kutoka Tanga kusaini ridhaa, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya familia kimyakimya, na mnunuzi mwenye akili anaiulizia. Kodi ya TRA ilinitisha bure. Kwa mwenye risiti za gharama, inatozwa asilimia 10 kwenye faida na si kwenye bei yote, na kwa nyumba yako ya kuishi uliyoimiliki na kukaa walau miaka mitatu, faida isiyozidi milioni 15 haiguswi. Risiti zangu za saruji na nondo zilikuwa kwenye kopo la biskuti tangu tunajenga. Baba watoto alikuwa ananicheka kwa kopo lile. Siku ya TRA alilibeba mwenyewe mapajani kwenye daladala. Hela ilipita benki. Anayetaka kuwahesabia noti mezani mkimbieni.

Sasa niko Morogoro, mama anaota jua kibarazani. Mwezi uliopita mzee wa mwarobaini alinipigia, nikadhani anataka vocha. "Mama," anasema, "mwalimu amemwita yule fundi wako. Kuna watu walikuja wikiendi kupima kiwanja, yeye hayupo." Nikamuuliza fundi anafanya nini. "Anabadilisha herufi nne."