Nilivyomfanya mfalme afe bila kufa: riwaya iliyonichukua miaka minne

Nimemaliza. Riwaya ya kurasa 312, ya kusisimua, kwa Kiswahili, inahusu mfalme mkubwa kabisa wa dunia anayejifanya amekufa na kwenda kuishi maisha mengine. Naandika haya kwa sababu ushauri niliopewa njiani ulikuwa mbovu mno na sitaki mwingine apotezewe muda kama nilivyopotezewa mimi.

Mwanzoni hakuwa mfalme, alikuwa Diana, yule binti mfalme wa Uingereza aliyefariki kwa ajali ya gari Paris. Watu wa rika langu mnakumbuka ile Jumapili, 31 Agosti 1997, mimi nilikuwa darasa la sita, mama anachambua mchele uani redio ikatangaza, akaacha ungo palepale akakaa kimya. Jumamosi iliyofuata tulibanana sebuleni kwa jirani mwenye TV tukaangalia mazishi mpaka mwisho. Tangu hapo hiyo stori imenikaa, na nilipoamua kuandika sikuwaza mara mbili. Niseme wazi ili tusigombane: Diana alifariki, baraza la wazee wa mahakama kule London lilisikiliza ushahidi miezi na miezi na Aprili 2008 likasema ni uzembe mkubwa wa dereva na wa magari yaliyokuwa yanawafukuza. Mimi nilikuwa naandika hadithi ya kubuni tu, ya "je ingekuwa".

Sasa kosa langu. Niliingia kwenye grupu moja la waandishi, nikauliza, jamani mtu maarufu kiasi kile unamfichaje? Mmoja mwenye vitabu vyake kadhaa akanijibu, wewe honga daktari mmoja, weka maiti ya mtu mwingine, wasomaji wanameza. Nikamwamini! Nikaanza kutafuta tundu la kupitishia huyo daktari na nikalipata, na mpaka leo naona lilikuwa tundu zuri. Ajali imetokea kama saa sita na dakika 23 usiku kwenye handaki la Pont de l'Alma, Paris, gari Mercedes imegonga nguzo ya 13. Wafaransa wao hawakimbizi majeruhi hospitali kama tulivyozoea, daktari anakuja na ambulensi na matibabu yanaanza palepale barabarani. Kwa hiyo ametolewa kwenye gari saa saba, ambulensi imeondoka saa 7:41, imefika hospitali ya Pitié-Salpêtrière saa 8:06, inatembea taratibu, na katikati ya safari ikasimama kabisa kwa sababu presha ilishuka. Mwandishi wa kusisimua akiona ambulensi imesimama usiku wa manane katikati ya Paris, lazima damu imchemke. Nikaweka mabadilishano hapo. Sura tatu nzima, gari la maziwa linasogea, taa zinazimwa, mtu anashushwa huku, maiti inapandishwa kule. Nilikuwa naandika mpaka saa nane usiku na asubuhi nawahi kazini, na nilijiona nimeua.

Nikampa dada yangu asome, ni nesi, miaka kama kumi na tano kazini. Akarudisha karatasi zimejaa kalamu nyekundu. Swali lake lilikuwa moja tu ila alilirudia kila ukurasa: na huyu je? Ndani ya ambulensi kuna daktari na wasaidizi wake, na wao je? Nje kuna polisi wa pikipiki wanasindikiza, na wao je? Hospitali kuna timu ya upasuaji imemfungua kifua, imeona mshipa wa mapafu umechanika, imehangaika mpaka saa kumi alfajiri, na wao je? Wauguzi, waliomwandaa mwili, na London jioni yake ikafanyika postmotamu nyingine. Unawahonga wote hao kwa hela ya nani?

Hapo ndipo ilipozaliwa mbinu ambayo mimi najivunia kuliko kitu chochote kwenye kitabu hiki. Nilinunua daftari kubwa la kaunta, nikachora mistari. Kila mtu anayelazimika kujua siri namwandika jina au kazi yake, na pembeni naandika kwanini atanyamaza mpaka anaingia kaburini: hela, mapenzi, woga, au imani. Nikikosa cha kuandika pembeni, ploti imekufa, narudi nyuma. Fanyeni hivyo, yaani hata kama riwaya yako ni ya mume anayemficha mke mtoto wa nje, chora hilo daftari kabla hujaandika sentensi ya kwanza. Na hela muiogope, mtu aliyenunuliwa na wewe anaweza kununuliwa tena na mwingine mwenye dau kubwa, mimi kwenye daftari langu neno hela nililifuta lote.

Ambulensi ilinipa watu 61. Sitini na moja! Nikajaribu njia ya pili, mwanamke anayefanana naye ndiye anapanda gari kwenye mlango wa nyuma wa hoteli ya Ritz alikotokea usiku ule, mtaa wa Cambon, mwenyewe anatoka kwingine. Watu wakapungua mpaka 38, nikafurahi wiki nzima. Halafu nikakumbuka siku ileile dada zake wawili na Charles, aliyekuwa mumewe, walipanda ndege kwenda Paris kuuchukua mwili, na dada mtu humdanganyi kwa mtu anayefanana. Nikasema basi dada zake wanajua, nikaandika pembeni "mapenzi", bado naona inawezekana, ila drafti mbili zilikuwa zimeshaenda na printa peke yake ilishanila kama elfu hamsini, labda na zaidi.

Aliyeimaliza kabisa ni mama. Nilimsomea kwa simu usiku mmoja ile sehemu Diana yuko kwenye boti anaondoka, niliipamba sana. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Mwanangu, wale watoto walikuwa na umri gani?" Nikamwambia William 15, Harry 12. "Na walitembea nyuma ya jeneza, na juu ya maua kulikuwa na bahasha imeandikwa mama. Sasa niambie, mama gani anawaacha wanawe watembee nyuma ya jeneza la mtu mwingine?" Sikuwa na jibu. Siku zote nilikuwa nahesabu wanaotakiwa kujua, sikuwahi kuwahesabu wanaotakiwa kuumia bila kujua. Na hao watoto ni watu wazima sasa, wapo, wana familia zao. Niliifunga laptopu na sikuifungua karibu miezi sita.

Kilichonirudisha ni mji. Mimi nilisoma Urusi, Rostov, na mwaka wa pili mwalimu wetu wa lugha alitupeleka Taganrog, mji mdogo tu ufukweni mwa bahari ya Azov, alikozaliwa mwandishi Chekhov. Mtaa wa Grecheskaya akatuonyesha nyumba ya kawaida sana, akasema hapa ndipo alipofia Tsar, yaani mfalme wa Urusi, Aleksandr wa Kwanza. Akanyamaza kidogo, akaongeza, au hakufa. Wakati ule nilikuwa nasikia baridi nataka chai, sikumjali. Miaka kumi na zaidi baadaye naosha vyombo lile neno likanirudia, nikaacha bomba linamwagika nikaenda kuchukua daftari.

Angalieni huyu mtu alivyokaa. Aleksandr ndiye aliyemshinda Napoleon na kuingia Paris na jeshi lake 1814. Alipanda kiti 1801 baada ya baba yake, Pavel wa Kwanza, kuuawa chumbani kwake na maofisa, na yeye alijua kuna mpango wa kumwondoa baba, hilo lilimtesa maisha yake yote. Alishawaambia ndugu zake kwamba anataka kuacha kiti. Mabinti zake wawili wa ndoa walikufa wadogo, kwa hiyo hakuna mtoto wa kifalme wa kutembea nyuma ya jeneza. Vuli ya 1825 anampeleka mkewe Elizaveta, mgonjwa, Taganrog, karibu kilomita 2,000 kutoka mji mkuu wa wakati ule, St. Petersburg. Anaugua homa, na tarehe 1 Desemba kwa kalenda yetu inatangazwa amekufa, miaka 47. Mwili unapakwa dawa vibaya, mtu wake wa karibu Volkonsky mwenyewe anaandika kwamba uso umekuwa mweusi na sura imebadilika. Safari ya kurudi inachukua wiki nyingi, anazikwa Machi 1826, na watu wa kawaida hawakufunguliwa jeneza. Halafu 1836 kule Krasnoufimsk, mji wa milima ya Ural, anakamatwa mzee amepanda farasi, hana karatasi yoyote, anajiita Fyodor Kuzmich, anachapwa viboko 20 anapelekwa Siberia, na anaishi huko mpaka 1864 watu wakinong'ona kwamba anajua mno mambo ya ikulu. Wanahistoria wengi wanasema Tsar alikufa Taganrog kweli, na mzee alikufa bila kusema yeye ni nani. Mimi hapo nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti naandika.

Daftari likanipa watu wanne. Mke, mapenzi. Volkonsky, mapenzi pia, na kiapo. Daktari wake Wylie, hapo nikaandika woga. Wa nne nitamtaja. Grupu wakanishauri nitumie maiti ya Maskov, tarishi aliyekufa kwa ajali ya gari la farasi katikati ya Novemba kwa kalenda yetu, kwa sababu hata wenyeji wa kule wanamtaja. Dada yangu akauliza tu, siku ngapi? Zaidi ya wiki mbili kabla ya Tsar, maiti ingekuwa imeshaharibika. Akacheka. Nikaweka askari aliyefariki usiku uleule hospitali ya kambi, na mambo yakakaa sawa. Wakaniambia pia nihamishie Afrika, msomaji wa Kiswahili hatasoma habari za theluji. Uongo. Msomaji wa kwanza ni mama yangu, hajawahi kuona theluji, na alikuwa ananipigia kuuliza sura inayofuata iko wapi. Msomaji anafuata mtu mwenye mzigo moyoni, theluji ataivuka tu.

Huyo wa nne ni mama yake Tsar, Maria Fyodorovna. Jeneza lilipofika karibu na mji mkuu familia walifunguliwa usiku, na inasimuliwa kwamba aliinama akasema kwa Kifaransa, ndiyo, huyu ni Aleksandr wangu mpenzi, jinsi alivyokonda. Kwangu mimi anasema uongo ili mwanawe awe huru, mume ameshauawa na hataki na mtoto auawe. Sura ile niliiandika mara tisa.

Nilipomsomea mama, akanikatisha. "Huyo mama ni mtu wa wapi?" Nikamwambia kwao Ujerumani, Württemberg, aliolewa Urusi, ila ikulu yote ilikuwa inaongea Kifaransa. Akasema hapana, umekosea, mbele ya maiti ya mwanao unalia kwa lugha ya kwenu, hicho Kifaransa cha nini? Nikataka kubadilisha, kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Halafu nikaona nilichopewa. Nikaiacha Kifaransa vilevile, nikaongeza mstari mmoja tu, kijakazi mzee wa Kijerumani amesimama mlangoni, anasikia, na ndiye pekee chumbani anayeinua kichwa.