Kumbukumbu ya mradi: kurekebisha ishara ya kipima hewa cha Land Cruiser, Bukavu

Gari la mradi huu ni Land Cruiser 80 ya mwaka 1993, yenye injini ya petroli 1FZ-FE ya silinda 6 na lita 4.5. Kipima hewa chake, yaani kifaa kinachoiambia kompyuta ya injini ni hewa kiasi gani inaingia ili itoe petroli inayolingana nayo, ni kile cha zamani chenye kibao kinachosukumwa na hewa inayoingia, si cha waya wa moto kilichofuata baadaye, na tofauti hiyo ndiyo iliyozaa kazi yote. Waya wa moto hupima uzito wa hewa moja kwa moja, lakini kibao huhisi msukumo wa mkondo tu, na hewa inapokuwa nyepesi huiambia kompyuta kwamba imeingia hewa nyingi kuliko iliyoingia kweli. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, nasi wa Bukavu tunaishi kwenye miinuko ya ufuko wake, mahali ambapo shinikizo la hewa ni kama hektopaskali 845 badala ya 1,013 za pwani. Kwa kuwa kosa la kibao hufuata kipeuo cha pili cha uwiano huo, injini hupewa petroli iliyozidi kwa karibu asilimia 9. Gari langu halina kihisio cha oksijeni wala cha shinikizo la hewa ya nje, kwa hiyo hakuna kinachoisahihisha kompyuta. Plagi hutoka nyeusi kwa masizi, na kupanda mlima wa mtaa wa Kadutu kwa gia ya pili huacha moshi wenye harufu ya petroli mbichi.

Kabla ya kununua kirekebishi, yaani kifaa cha kubadilisha ishara ya kipima hewa kabla haijafika kwenye kompyuta, nilifunga kwanza kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli, kwa maana kuzungusha kitufe bila kipimo ni kubahatisha. Kihisio chake kimefungwa kwenye nati iliyolehemewa kwenye bomba la egzosi, kikiinama juu kidogo ya mlalo ili maji ya mvuke yasituame ndani yake na kukipasua kinapopata moto. Petroli huungua sawasawa kwa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta. Injini inapobeba mzigo mzito hutakiwa mafuta zaidi, na mimi nimelenga kati ya 12.5 na 13. Kwenye mlima, gari langu lilikuwa linasoma chini kabisa ya hapo, yaani mafuta yalizidi mno.

Kufunga kirekebishi chenyewe hakukuwa kazi kubwa: waya wa ishara hukatwa karibu na kompyuta, kifaa huwekwa katikati, na waya wake wa hasi huungwa kwenye hasi ya vihisio, si kwenye bodi. Jambo la kuangaliwa kwa makini ni mwelekeo wa volti, kwa sababu kwenye Toyota kuna vipima hewa ambavyo volti yake hupanda hewa inapoongezeka, na vingine ambavyo hushuka. Multimita ilionyesha kwamba changu hushuka. Maana yake ni kwamba kupunguza petroli kunataka kupandisha volti, na wale wanaoshauri kipingamizi cha kuzungusha kinachounganishwa kirahisi kwenye waya, ambacho hushusha volti, wangeiongezea injini hii mafuta badala ya kuyapunguza. Tena, kadiri volti inavyoshuka ndivyo badiliko dogo linavyokuwa na uzito mkubwa, kwa hiyo nilichagua kifaa kinachozidisha ishara kwa asilimia, wala si kile kinachoongeza kiasi kilekile cha volti wakati wote.

Hatari iliyojificha haiko kwenye petroli, iko kwenye cheche. Kompyuta hutumia ishara hiyohiyo kukadiria mzigo wa injini, na ikiambiwa kwamba hewa ni kidogo huwahisha cheche, kwa imani kwamba mzigo ni mwepesi. Hivyo kila hatua ya kupunguza mafuta husogeza injini karibu na kugonga (mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda na kuiharibu) kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Nilihakikisha kwanza kwamba cheche ya msingi iko nyuzi 3 kabla ya pistoni kufika juu, kisha nikapunguza kidogo kidogo, nikisikiliza injini mlimani madirisha yakiwa wazi. Nimesimama kwenye asilimia 6, ingawa hesabu iliniruhusu kufika 9, na sijutii. Plagi sasa zina rangi ya kahawia hafifu, na kanyagio hujibu upesi.

Swali lililobaki ni la barabara ya Uvira. Mtu anayeteremka mlima wa Ngomo hadi mji wa Kamanyola na kuendelea na bonde la Ruzizi hufika Ziwa Tanganyika, lililo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo hurudi hadi kama hektopaskali 924 na kosa la kibao hupungua hadi chini kidogo ya asilimia 5. Mpangilio wa asilimia 6 unaofaa huku juu utakuwa umeinyima injini mafuta kidogo kule chini, tena kwenye joto, gari likiwa limejaa mizigo, hali ambayo huunguza valvu. Kwa sababu hiyo nitaongeza swichi yenye nafasi mbili: moja ya asilimia 6 kwa Bukavu, nyingine ya asilimia 2 kwa bondeni, na ikizimika kwa hitilafu yoyote ishara ipite bila kuguswa. Kisanduku cha kuikinga na vumbi bado ninakitafuta, na hadi kipatikane, safari za Uvira nitazifanya kirekebishi kikiwa kwenye sifuri.