Silinda ya 3 ilikuwa imelala

Gari langu dogo la zamani lilikuwa likitetemeka likiwa sailensa (limesimama, injini ikiunguruma taratibu) na kukosa nguvu mlimani. Nilibadilisha plagi, hakuna nafuu. Nikahamishia koili (inayoipa plagi umeme) ya silinda ya 3 kwenye ya 1. Tatizo likabaki palepale, ya 3.

Basi koili haikuwa na kosa. Hapo nikazigeukia nozeli, yaani vinyunyizio vya petroli. Injini ikiunguruma, nilichomoa soketi ya umeme ya kila nozeli kwa zamu. Zile nyingine zilipochomolewa mngurumo ulidhoofika. Ya 3 haikuleta tofauti yoyote. Nikagusisha ncha ya bisibisi ndefu juu yake, sikio kwenye mpini: kimya, wakati wenzake wanagonga tik-tik-tik. Mita ya umeme ikamaliza ubishi. Nzima zilisoma omu 14 hivi (kipimo cha ukinzani wa umeme), ile haikusoma kitu, yaani waya wa ndani umekatika.

Kabla ya kufungua nozeli, nilitoa fyuzi ya pampu nikapiga stata hadi presha ya petroli ikaisha. Tafadhali usiruke hatua hii. Petroli ikirukia injini ya moto ni balaa. Nilibadilisha zote nne, oringi mpya (pete za mpira za kuzuia uvujaji) nikazipaka oili safi zisichanike. Nikarudisha fyuzi, nikafungua swichi bila kuwasha injini, nikakagua kama kuna uvujaji. Pakavu. Injini sasa imetulia kabisa.