Kumbukumbu ya Mtera: peji haijawa huru mpaka prosesa zote zijibu

Wakuu habari za wikiendi. Kwa wapya, Mtera ni kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ninayoiandika mwenyewe kuanzia sifuri kwa ajili ya mashine za x86 za biti 64, jina nimelitoa kwenye lile bwawa letu la mpakani na Iringa. Naijaribu kwanza kwenye QEMU (programu inayoigiza kompyuta) afu naihamishia kwenye ThinkPad X230 ya mtumba, ina kore 2 ila kila kore inabeba thredi mbili kwa hiyo kerneli inaona prosesa 4. Mara ya mwisho niliishia pale ambapo zote 4 zinawaka na kila moja inachukua kazi kwenye foleni. Toka hapo niko kwenye kitu kimoja tu, kurudisha memori ambayo programu haiitaji tena, yani munmap, na sina haraka nacho kwa sababu hapa ndo panaamua kama programu moja inaweza kuchungulia data ya mwenzake au haiwezi.

Shida yenyewe iko hivi. Programu ikigusa anwani, prosesa inapita kwenye majedwali ya ngazi 4 yanayoonyesha anwani hiyo iko wapi kwenye RAM, kila jedwali lina nafasi 512, mpaka inafika kwenye peji ya RAM ya baiti 4096. Kupita ngazi zote kila mara ni gharama kubwa, kwa hiyo jibu likishapatikana linatunzwa kwenye kache ndogo ndani ya prosesa inaitwa TLB, kwenye hii X230 ile ya karibu upande wa data ina nafasi 64 na nyuma yake kuna ya nafasi 512. Kache za kawaida za data kwenye hizi mashine zinapatana zenyewe, prosesa moja ikiandika nyingine zinajua. TLB hazipatani. Ukibadilisha jedwali, prosesa nyingine inaendelea na jibu lake la zamani na hakuna mtu wa kuiambia zaidi ya kerneli yako.

Chukulia namba ya simu. Fundi bomba wako wa Ipagala kaacha kutumia laini, baada ya muda namba inafungwa, anapewa mtu mwingine kabisa, ila kwenye simu yako bado imeseviwa "Fundi Bomba", unapiga inaita vizuri tu, anapokea mtu baki na wewe unaanza kumwelekeza ufunguo wa geti ulipo. Kampuni ya simu kulifuta jina kwenye vitabu vyake hakujalifuta kwenye simu yako, na hatari haiko pale namba inapofungwa, iko pale inapopewa mtu mwingine.

Jaribio la makusudi

Nilitaka niione hiyo hatari kwa macho kabla ya kuizuia, kwa hiyo nimeweka swichi ya majaribio inayomwambia munmap afute kwenye jedwali na kwenye TLB ya prosesa yake tu, afu airudishe peji kwenye akiba ya peji huru bila kuuliza wengine. Programu ya jaribio ina thredi mbili, hapa namaanisha mikondo ya kazi inayokwenda sambamba. Thredi ya kwanza nimeifunga kwenye prosesa 2, kazi yake ni kusoma neno moja la biti 32 kwenye anwani 0x40000000 bila kupumzika, ikiona thamani imebadilika inaichapa kwenye skrini. Thredi ya pili iko prosesa 0, inaita munmap kwenye anwani hiyohiyo. Na kigawa memori changu kila peji inayorudi kinaijaza baiti 0xDB mwanzo mpaka mwisho, ili mtu akigusa kitu kilichorudishwa ajulikane.

Kinachotakiwa ni thredi ya kwanza ipigwe peji folti (kosa la kugusa anwani isiyo na peji) ife palepale. Skrini ikaandika hivi:

p2: 0x00000001
p2: 0xdbdbdbdb
p2: 0x49524953

Mstari wa pili peji imeshajazwa 0xDB, yani imesharudishwa, na prosesa 2 bado inaisoma kwa anwani ya zamani kama hakuna kilichotokea. Mstari wa tatu ndo ulionifanya niinuke kwenye kiti. Programu nyingine kabisa, yenye anwani zake tofauti, iliomba memori ikapewa peji hiyohiyo na ikaandika humo herufi S, I, R, I. Kwenye memori ni 53 49 52 49, x86 inaanza na baiti ya chini kwa hiyo ikisomwa kama namba moja inatoka 0x49524953. Neno SIRI limesomwa na programu isiyohusika, hakuna folti, hakuna onyo, hakuna chochote kwenye logi. Na kwa vile ile anwani inasomwa mfululizo basi haina sababu ya kutolewa kwenye TLB, intarapti ya saa (ishara inayoikatisha prosesa kila baada ya muda) inaingia na kutoka ila thredi inabaki ileile kwa hiyo cr3, rejista inayoonyesha majedwali yanayotumika na ambayo ikipakiwa upya TLB inafutwa, haipakiwi upya.

Kuna dogo anasoma UDOM kule College ya Informatics huwa anashuka kuja huku Nkuhungu tunakaa na hii mashine. Akauliza, "Kaka, si umeshaweka sifuri kwenye jedwali na umepiga invlpg, sasa kerneli inasubiri nini tena?" Nikamwambia dogo, invlpg ni amri ya kufuta anwani kwenye TLB ya prosesa inayoiendesha tu, hizo 3 nyingine hazijasikia kitu. Akakaa kimya afu akasema, "Kwa hiyo peji ikitoka kwenye jedwali bado haijatoka." Ndo hivyo hasa, na hiyo sentensi yake nimeiweka kama maoni juu kabisa ya faili la munmap.

Mpangilio ninaoutumia sasa

Hakuna njia ya kurudisha peji moja kwa moja tena, nimeifuta hiyo fankshen kabisa ili hata mimi nisijaribiwe. Kila peji inayoondolewa inaingia kwanza kwenye mfuko. Kerneli inafuta kwenye jedwali, inaiweka peji kwenye mfuko, ikimaliza eneo zima inatuma intarapti kwa prosesa zote zinazotumia majedwali hayo, kila prosesa inafuta kwake na kupunguza kaunta kwa moja, na kaunta ikifika sifuri ndo mfuko unamwagwa kwenye akiba. Mbinu yenyewe sio ngeni, watu wa Mach, kerneli ya utafiti ya pale Carnegie Mellon, walishaielezea mwaka 1989, na Linux nayo ina mfuko wake unaitwa mmu_gather. Faida nyingine ya mfuko ni kwamba unatuma intarapti moja kwa peji nyingi badala ya moja kwa kila peji, maana kuikatisha prosesa kazi yake ili ifute kitu kimoja ni ghali sana. Peji zikizidi kiasi ni nafuu kupakia cr3 upya na kufuta zote kuliko kupiga invlpg mojamoja, Linux kwenye x86 inavuka huo mpaka ikizidi 33, na mi nimeanza na 33 hiyohiyo mpaka nitakapopima ya kwangu.

Kutuma kwenyewe ni kuandika sehemu mbili za APIC ya prosesa (kipande kinachopokea na kutuma intarapti), 0xFEE00310 unaweka nani apokee, afu 0xFEE00300 unaweka vekta (namba ya intarapti), na ni hiyo ya pili inayofyatua. Katikati ya hiyo mistari miwili intarapti isiingie, kwa sababu na yenyewe ikituma ujumbe wake itaandika juu ya mpokeaji uliyemweka, kwa hiyo nafunga intarapti kwa mistari hiyo miwili tu na kufungua hapohapo.

Kufuta kwenye jedwali natumia xchg, sio kusoma afu kuandika sifuri. Sababu ni biti ya D, ile inayoonyesha peji imeandikwa. Prosesa nyingine inaweza kuiwasha kati ya kusoma kwako na kuandika kwako, ukaondoka na taarifa kwamba peji ni safi wakati sio, na kama ni peji ya faili basi mabadiliko ya mtu yamepotea. Ukitumia xchg unasoma na kufuta kwa mpigo mmoja.

Loki

Hapa ndo nimetumia usiku mwingi. Loki ni kufuli linalohakikisha anayebadilisha majedwali ni mmoja kwa wakati. Fikiri prosesa 0 imeshika loki ya majedwali na inasubiri majibu, prosesa 1 inaisubiri loki hiyohiyo huku imefunga intarapti. Prosesa 1 haiwezi kusikia intarapti mpaka ipate loki, prosesa 0 haiachii loki mpaka prosesa 1 ijibu. Mashine inaganda hapo mpaka uizime.

Jibu rahisi ni kuachia loki kwanza afu ndo utume intarapti, na kwa munmap hilo ni salama kwa sababu moja tu, mfuko umezishikilia peji, hakuna anayeweza kupewa kabla hujamaliza. Ila kwenye mremap, pale peji inapohamishwa toka anwani moja kwenda nyingine, hakuna mfuko. Hili limeshatokea kwenye Linux yenyewe, udhaifu uliosajiliwa kama CVE-2018-18281, aliligundua Jann Horn wa Google Project Zero. mremap ilikuwa inaachia loki za majedwali kabla ya kufuta TLB ya anwani ya zamani, kwenye huo upenyo thredi nyingine inapunguza ukubwa wa faili kwa ftruncate, peji inaondolewa kwenye anwani mpya na kurudishwa kwenye akiba, huku prosesa fulani bado inaifikia kwa anwani ya zamani. Nimeisoma ile habari kwa makini sana kwa sababu ni jaribio langu la SIRI lenyewe ila kwenye kerneli inayotumika dunia nzima, imeandikwa na watu wanaoijua kazi yao miaka na miaka.

Kwa hiyo kwangu mremap inafuta TLB ikiwa bado imeshika loki, na ili isigande nimeweka sheria kwamba loki ya majedwali haisubiriwi na mtu aliyefunga intarapti, na kihudumu cha intarapti chochote hakiruhusiwi kuigusa. Fankshen ya kuchukua hiyo loki inaangalia kwanza biti ya IF, inayoonyesha kama intarapti zimefunguliwa, ikiikuta imefungwa kerneli inasimama na kuandika jina la aliyeita. Bora isimame mchana kweupe kuliko igande siku moja bila maelezo.

Majedwali nayo ni peji

Hiki wengi hawakigusi na mi naona ndo kibaya kuliko vyote. Programu ikifa unarudisha peji zake za data na pia peji zilizobeba majedwali yenyewe. Prosesa haitunzi jibu la mwisho tu, inatunza pia hatua za katikati, mfano kwamba jedwali la ngazi ya pili liko mahali fulani. Ukilirudisha hilo jedwali kabla hujafuta, peji ikapewa programu nyingine ikaandika data zake humo, prosesa yenye kumbukumbu ya zamani itasoma hizo data kama jedwali halali na kufika popote pale kwenye RAM. Sio kusoma siri ya mwenzako tu, ni kuandika juu ya kerneli. Kwa hiyo majedwali yanaingia mfuko uleule, na eneo likiwa tupu kabisa, halina hata peji moja ya data, intarapti inatumwa vilevile kama kuna jedwali limeondolewa. Bahati nzuri kwa Intel invlpg moja inafuta hatua zote za katikati za hayo majedwali bila kujali umeitaja anwani gani.

Ilipofikia

Jaribio la SIRI sasa linakufa kwa folti kwenye mstari wa kwanza, QEMU na X230 zote, na nimeliacha likimbie toka asubuhi mpaka umeme ulipokatika jioni, laptopu ikahamia betri na lenyewe likaendelea. Kila peji inayotoka kwenye akiba inakaguliwa kama bado ina 0xDB tupu, hakuna iliyokutwa imeguswa.

Kinachofuata ni PCID, zile lebo za biti 12 zinazoruhusu TLB kubaki na majibu ya programu kadhaa kwa pamoja ili ukibadilisha programu usifute zote. Hapo hesabu inabadilika, sasa hivi prosesa ikihamia programu nyingine naitoa kwenye orodha ya wa kutumiwa intarapti, ila ikiwa na lebo bado imebeba majibu ya zamani hata kama programu hiyo haiendeshi. Nitaweka namba ya toleo kwa kila kundi la majedwali, inaongezeka kila kitu kikifutwa, na prosesa ikirudi kwenye programu inalinganisha toleo lake na la sasa, likiwa nyuma inafuta kabla ya kuendelea. Linux inafanya hivyohivyo na inatumia lebo 6 tu kwa kila prosesa. X230 ina PCID ila haina INVPCID, amri ya kufuta kwa lebo, ile imeanza na prosesa za Intel za kizazi cha Haswell, kwa hiyo nitafuta kwa kupakia cr3.

Nimeandika pia njia ya pili kwa ajili ya AMD kuanzia Zen 3, zenyewe zina INVLPGB inayotangaza ufutaji kwa prosesa zote bila intarapti, afu TLBSYNC ya kusubiri, wazo moja na la ARM ambako TLBI inasambazwa na vifaa vyenyewe. Kodi ipo, mashine ya kuijaribu sina. Hiyo INVLPGB haiko kwenye kila chipu ya Zen 3, kwa hiyo kerneli inauliza kwanza kwa CPUID (amri ya kuuliza prosesa ina uwezo gani), ikikosa inarudi njia ya intarapti. Kama kuna mdau yuko Dodoma ana mashine ya namna hiyo na yuko tayari tuiwashe kwa flashi jioni moja, haigusi diski yake hata kidogo, aniambie nimfuate alipo.