Jicho lililotoboka halioshwi

Kwenye kundi la WhatsApp la mtaani kwetu hapa Korogwe kuna ujumbe unaozunguka: ukiingiwa na kitu chochote jichoni, nawa kwa maji mengi, kisha libane kwa kitambaa safi mpaka ufike hospitali. Watu wameushukuru na kuusambaza. Mimi ni muuguzi wa macho, na naona nusu ya ujumbe ule ni kweli, nusu nyingine inapofusha watu.

Ya kweli ni hii: chokaa, saruji, maji ya betri au dawa ya kuogeshea mifugo ikikurukia, osha hapo hapo, usitafute hata viatu, na endelea kuosha nusu saa nzima. Lakini jicho likishatobolewa na mwiba wa mkonge, waya, spoki ya baiskeli au kipande cha chuma, hakuna kuosha, hakuna kubana, hakuna kutia dawa yoyote. Ndani ya jicho kuna maji na ute. Ukilikandamiza likiwa na tundu, vilivyomo vinatokea hapo hapo, na havirudi. Kitu kikiwa bado kimechomeka, kiache. Najua mikono inawasha kukichomoa. Kiache.

Chukua kikombe cha karatasi, kata sehemu ya chini, ifunike juu ya jicho hivi kwamba ukingo wake ukae kwenye mfupa wa nyusi na mfupa wa shavu, ubandike kwa plasta. Kisiguse jicho lenyewe, na usiweke pamba chini yake. Basi, panda gari.

Kinachonisumbua zaidi si majeraha ya kutisha. Yale yenye damu yanafika haraka, tena yakisindikizwa na mtaa mzima. Tatizo ni yale yasiyouma. Kuna kijana wa gereji za malori kando ya barabara kuu, alikuwa anang'oa pini ya springi kwa nyundo na tindo. Alikuja kesho yake, akakaa kwenye benchi akichezea simu.

"Sista, kimeingia kivumbi tu. Niwekee dawa nirudi, bosi ananisubiri."

Kabla hajafika kwangu, mwenzake alishajaribu kukitoa kwa ncha ya kitambaa iliyoloweshwa mate. Mama ntilie wa jirani naye akamkamulia matone ya maziwa ya kifua. Wote kwa wema kabisa, na hapo ndipo ninapokosa hata wa kumgombeza. Nikampeleka kwenye ubao wa herufi, maana jicho lolote lililoumia linapimwa uoni kwanza, hata mgonjwa akilalamika. Kwa jicho la kulia alisoma mpaka chini. La kushoto hakuona hata ile herufi kubwa ya juu, akabaki kuhesabu vidole vyangu. Nilipomulika tochi, mboni haikuwa duara. Ilikuwa imevutika upande mmoja kama tone la maji linalotaka kudondoka, ncha ikielekea penye tundu. Tundu lenyewe ungelikosa usipolitafuta. Kwenye picha ya eksirei kikaonekana kidoa cheupe: chuma, ndani ya jicho.

Chuma kikipigwa kwa chuma, kinachoruka ni kipande kidogo chenye kasi kubwa, kinapita kwenye kioo cha jicho kabla kope hazijafumba. Kikiachwa kinapata kutu humo humo, na kutu hiyo inaua retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, polepole, miezi mingi baada ya mtu kusahau. Ndiyo maana mwenye historia ya nyundo hapelekwi kwenye kipimo cha MRI kabla ya kuhakikishwa hana chuma jichoni. Sumaku yake inaweza kukisogeza.

Tukamchoma sindano ya pepopunda, tukampa antibayotiki na dawa ya kuzuia kutapika, kwa sababu kutapika nako kunakamua jicho. Tukamwambia asile wala asinywe, anakwenda kulazwa usingizi. Hapo ndipo mama yake akaingia na chapati na chupa ya chai.

"Shikamoo mama. Hali kitu."

"Marahaba mwanangu. Tangu asubuhi hajala, mnataka afe na njaa?"

Tulibishana mpaka gari la kwenda KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, likawa tayari. Tundu hushonwa chini ya darubini kwa uzi wa nailoni mwembamba kuliko unywele, ikiwezekana ndani ya saa 24, kabla wadudu hawajaota ndani. Yeye chuma kilitolewa, ila lenzi ilishaguswa, na sasa ana mtoto wa jicho akiwa na umri wa kuanza maisha. Anasubiri operesheni ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo familia hukasirika tukilisema: jicho lililoharibika kabisa, mara chache sana, linaweza kuufanya mwili ulishambulie lile zima. Huweza kuanza wiki chache baadaye, au hata miaka. Louis Braille, aliyebuni maandishi ya wasioona, alijitoboa jicho moja mwaka 1812 akiwa na miaka 3, akichezea maharazi kwenye karakana ya baba yake, mtengeneza matandiko ya farasi huko Coupvray, Ufaransa. Akiwa na miaka 5 alikuwa haoni kwa macho yote mawili. Wengi hudhani ugonjwa ulikuwa huu. Leo dawa zipo, lakini daktari akikushauri kuondoa jicho lisiloona tena, usimwone katili kabla hujamsikiliza.

Nikiwaambia mafundi wavae miwani ya kinga, huniambia inaingia ukungu na jasho. Ni kweli, Korogwe joto halina adabu. Tafuta zenye matundu ya hewa pembeni, za polikaboneti, ile plastiki ngumu, zilizoandikwa Z87 au EN 166, alama za viwango vya miwani ya kinga. Miwani ya jua ya machinga haihesabiki, ikipasuka inakuongezea vipande. Na mwangalie na msaidizi wako, maana mara nyingi anayeumia ni aliyeshika tochi.

Halafu angalia kichwa cha tindo. Kikishatanuka na kuchanua pembeni kwa kupigwa, vile vipande vya ukingoni ndivyo vinavyoruka. Kisage kwenye grenda, ni kazi ya dakika chache. Na wakati unakisaga, vaa miwani.