Wiki niliyotumwa kuuza kilima

Nimekaa sebuleni kwa mama hapa Mafinga, Mufindi, blanketi mbili, soksi juu ya soksi, chai ya tangawizi hii ya tatu, Julai ya huku we acha tu. Kesho saa 12 asubuhi napanda basi kurudi Dar na kazi niliyotumwa bado sijaimaliza. Kazi yenyewe ukiisikia unaona ndogo, kuandika tangazo. Kaka alisema kwenye grupu la familia, wewe si ndo unajuaga kuandika andika, nenda kapige picha nzuri uweke na maelezo, dalali atasambaza. Nauli akatuma hapo hapo kabla sijapata kisingizio.

Kinachouzwa ni kilima cha mzee. Ekari 118, kutoka hapa mjini ni kama saa moja na nusu kwa gari kama mvua haijanyesha, ikinyesha hiyo ni habari nyingine. Upande mmoja unaona mashamba ya chai, upande wa pili ni paina mpaka macho yachoke. Juu kabisa kuna nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu na sehemu ya kuotea moto ukutani ambayo mzee aliiga kwa mameneja wa chai, maana alikuwa karani wa mishahara kwenye mashamba hayo enzi za kampuni ya Brooke Bond.

Alianza kununua vipande vipande 1994. Miaka ile ukionekana unanunua kilima cha mawe na majani watu walikuonea huruma, kila mtu alitaka mabondeni kwenye vinyungu, ambako hata kiangazi kikiwaka unavuna mboga na mahindi mabichi, kilima kilikuwa cha mbuzi. Ila mzee alikuwa anapita Sao Hill kila akienda Iringa, lile shamba la miti la serikali ambalo ndo kubwa kuliko yote nchini, anaona malori ya magogo yanatoka, akapiga hesabu zake za kikarani. Mita tatu kwa tatu, ekari moja inaingia miti 450, zidisha kwa ekari, zidisha kwa miaka. Akamwambia mama hii ndo pensheni yangu, ile ya kampuni ni hela ya sukari.

Waliopanda sasa ni sisi. Likizo za Desemba wenzetu wanaenda kutembea kwa mashangazi Iringa mjini, sie tunapanda kilima na viriba vya miche kwenye ndoo kichwani, mvua inanyesha, mashimo tayari, mzee anapita nyuma yetu na fimbo anakagua kama mche umesimama wima. Ukiwa umepinda anaung'oa anakurudishia mkononi bila kusema neno. Mpaka leo nikipanda hata mchicha napandaga kwa mstari.

Na moto jamani. Oktoba moja, mvua bado na majani yamekauka kama karatasi, jirani kachoma mabua yake aandae shamba, upepo ukageuka. Kijiji kizima kilipanda na matawi mabichi ya mikaratusi kupiga moto mpaka saa tano usiku na bado ekari kumi na kitu zilikwenda. Kilichookoa zingine ni njia za moto, vile vipande vitupu vya kuzuia moto usivuke, alizokuwa anatulazimisha kuzifyeka kila mwaka, ambazo tulizichukia kuliko hesabu za darasani. Kwa hiyo dalali akiniambia niandike "uwekezaji usio na usumbufu" nacheka tu peke yangu.

Mzee ametutoka mwaka juzi. Mama magoti hayamruhusu tena kupanda, sisi watoto wanne tuko Dar, Dodoma na mmoja Mbeya, mlinzi analipwa kwa kuchangishana na mwisho wa mwezi kwenye grupu kila mtu yuko bize. Kuuza tumekubaliana, halina ugomvi hilo. Ugomvi ni tunauza nini.

Maana dalali anataka matangazo mawili. La kwanza la watu wa mbao: shamba la miti, paina za miaka 11, gari inafika. La pili la watu wa mapumziko: kilima cha kipekee, hewa safi, ukungu wa asubuhi, panafaa loji, kambi za dini, retriti. Nikamuuliza kaka yangu hizi si ni ekari zilezile? Akasema ndiyo dada, ila wateja si walewale. Nikaona ni sawa tu. Mpaka hao wateja walipokuja.

Ijumaa alikuja wa mbao, mtu wa Makambako, kofia ya baridi imeshuka mpaka kwenye nyusi. "Kamwene." "Kamwene." Hiyo ndo salamu ya huku. Hakutaka hata chai. Alitoa futi mfukoni akaanza kupima unene wa miti usawa wa kifua, mmoja, wa kumi, wa ishirini, anaandika kwenye kikaratasi cha sigara. Tulizunguka naye saa tatu nzima na nakuapia hakuinua macho kuangalia bonde hata mara moja, yaani pale kwenye jiwe ambapo kila mgeni husimama akasema aah, yeye alisimama akaangalia mteremko akauliza hapa magogo tutayatoaje, kwa kuburuta? Akasema kwa mbao bado changa, paina ya miaka 11 ukiipasua ukaianika inajikunja kama chapati, ingekaa mpaka 18 au 20 hapo tungeongea. Ila kwa viwanda vya vinia, zile mbao nyembamba za kutengenezea plywood, inafaa, wale Wachina wanachukua hata gogo jembamba. Ndo maana siku hizi kote huku watu wanakata miti bado vijana, ada ya shule haisubiri miaka 20.

Halafu akasema lililonikata maini. Yeye ardhi hataki. "Mimi nanunua miti iliyosimama dada, kilima bakini nacho." Anakata, analipia kibali na TP ya kusafirishia na ushuru wa halmashauri, anaondoka. Tunabaki na visiki na matawi makavu yamelala kilima kizima yanasubiri Oktoba. Kaka kwa simu akasema sasa si ndo vizuri, tunauza mara mbili, miti kwanza kilima baadaye. Nikamwambia subiri kesho anakuja mwenzake.

Jumamosi akaja dada mmoja wa Dar, mstaarabu sana, buti mpya bado zina lebo, na kijana wake wa droni. Anataka kufungua sehemu ya wanawake kuja kupumzika siku nne tano, simu unaiacha getini, unalala, unatembea, unaongea na Mungu wako. Nilimpenda kwa kweli. Pale kwenye jiwe alisimama dakika kumi, ukungu ulikuwa bado uko chini bondeni umelala kama maziwa, nikasema moyoni huyu ndo mnunuzi.

Kisha akauliza, hiyo kelele ni nini?

Mimi nilikuwa hata siisikii. Ni dingidongi, ile mashine ya kupasulia mbao, jirani ng'ambo anavuna kwake. Inaanza saa moja asubuhi inalia mpaka jioni, msumeno ukiingia kwenye gogo unapandisha sauti kama mtu anayebishana. Nikamwambia akimaliza itaacha. Akauliza na akimaliza yeye? Atafuata nani? Nikaangalia vilima vyote mbele yetu, vyote vimepandwa, kila kimoja kina umri wake, hiki miaka minne, kile tisa, kile kumi na mbili, yaani ni foleni. Utulivu tunaoutangaza ni wa miti ya watu ambayo haijafika zamu yake. Sikumjibu.

Halafu akauliza la pili, mbona ndege siwasikii? Hapo ndo nilijua huyu si wa mchezo. Ni kweli ndani ya paina kumenyamaza, sindano, yale majani yake membamba, zimetandazika chini kama mkeka na hapaoti kitu cha maana, ndege atakula nini. Watu wa mjini wanaita msitu, ila ni shamba tu kama shamba la mahindi, sema mahindi yake yanachukua miaka 20.

Nikampeleka korongoni. Huko kuna ekari nne hivi za miti ya asili kuzunguka chemchemi, na hizo zina hadithi. Mzee miaka ya mwanzo alipanda mikaratusi pale pale kwenye maji, ilikua kwa fujo mpaka akawa anajisifia kanisani. Baada ya miaka kadhaa maji yakapungua, kina mama wa chini wakawa wanasubiri ndoo ijae kwa nusu saa, na serikali ya kijiji ikaja kumwambia hii mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji siyo ya kuchezea, toa. Alinuna wiki nzima. Akakata yote, na mkaratusi ukiukata unachipua tena, kwa hiyo kila mwaka alikuwa anashuka na panga kukata machipukizi, peke yake, hakututuma. Maji yalirudi. Yakarudi na haya mengine, mitungulu, makangaga, miti ambayo hakuna aliyeipanda, ndege mpaka kero.

Dada wa Dar alikaa huko kuliko sehemu zote, droni akasahau. Akasema hapa hapa, vijumba vinane vya mbao, na sehemu ya sala karibu na maji. Ikabidi nimwambie zile mita 60 zinamhusu na yeye. Uso wake ulishuka nikajuta kusoma sheria.

Tuliporudi juu yakaanza maswali ya karatasi. Hati ya miaka 99 ipo? Haipo mama, hii ni ardhi ya kijiji, tuna karatasi 14 za mauziano, zingine zimesainiwa kwa dole gumba, muhuri wa mwenyekiti wa kijiji wa wakati huo umefifia. Barua ya usimamizi wa mirathi ipo, kaka aliteuliwa Mahakama ya Mwanzo, hilo tumelimaliza. Lakini mnunuzi lazima apite halmashauri ya kijiji na wao ndo waseme wamemkubali. Akasema mshirika wake ni Mholanzi. Nikamwambia basi ndo ngumu zaidi, mgeni hamilikishwi ardhi hapa kwetu isipokuwa kwa njia ya uwekezaji, na ya kijiji kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla. Akaandika yote kwenye simu. Na miti akauliza mnaihesabu vipi kwenye bei, mimi siikati, kwangu ni mandhari tu. Yaani kwake miti ekari mia ni kama rangi ya ukuta, inakuja na nyumba.

Kwa hiyo wa mbao analipia miti hataki kilima, wa mapumziko anataka kilima hataki kulipia miti.

Na yale makaburi. Saba, upande wa jua kuzama, ya ukoo uliomuuzia mzee kile kipande cha 1996. Kwenye karatasi imeandikwa kabisa, kwa mwandiko wa mzee ule wa kikarani, kwamba watu wa ukoo ule watakuwa wanapita kusafishia makaburi yao wakati wowote na mnunuzi asizuie. Wanakuja mpaka leo. Wa mbao alipoyaona aliuliza tu kuna miti mingapi hapo ya kutoa kwenye hesabu. Wa Dar alinyamaza muda, akauliza wanakujaga wangapi, wanalia? Nikasema wanafyeka, wanakula viazi, wanaondoka.

Jana jioni nilibaki juu peke yangu na mlinzi. Kuzunguka nyumba kuna ekari sita za paina za kwanza kabisa ambazo hazijaguswa, karibu miaka 30, hukumbatii ukamaliza. Zingine zote mzee alivuna akapanda upya, hizi hapana, na miaka yote nimekuwa nikijipa hadithi kwamba alizipenda, kwamba ni kumbukumbu ya mikono yetu midogo na nini. Leo nimemuuliza mama. Kasema alikuwa anaogopa upepo usimng'olee bati.

Basi usiku huu nimeandika tangazo moja badala ya mawili nikamtumia dalali. Ekari 118 Mufindi, paina za miaka 11 ekari mia moja na kitu, paina kubwa ekari sita zinazuia upepo, korongo lenye chemchemi ambalo huruhusiwi kujenga wala kulima, nyumba vyumba vitatu bati zima, makaburi saba yenye wenyewe, karatasi 14 za kijiji, dingidongi ng'ambo Jumatatu mpaka Jumamosi, njia za moto zifyekwe kila mwaka kabla ya Septemba kuisha. Bei maelewano.

Kasoma, tiki za bluu, kanyamaza kama robo saa. Akarudi na voisi noti, nyuma yake nasikia watu wanacheza pulu. "Dada yangu, kwa heshima zote, hili siyo tangazo, huu ni ushahidi wa mahakamani. Toa makaburi, toa dingidongi, weka picha ya ukungu. Na hiyo ya kufyeka toa kabisa."

Picha ya ukungu nimemtumia. Mengine nimemwambia nitalala nayo.