Ndege ya Sentimita 32

Baba ndiye aliyelifungua sanduku la modeli, ile ndege ndogo ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe, si mimi. Dada alikuwa amenipa kama zawadi, akijua kwamba jioni zangu zote nilikuwa nikizimalizia kwa Baba, na kwamba mazungumzo yetu siku zile yalikuwa yameanza kukauka. Juu ya kifuniko palichorwa Boeing 727-200 inapaa. Baba aliileta picha karibu na uso, akapitisha kidole taratibu kuanzia puani hadi mkiani, kisha akasema, "Hii naijua. Hii nimeshaingia tumboni mwake mara nyingi."

Maisha yake yote ya kazi Baba alikuwa fundi wa ndege. Wakati huo alishastaafu, na presha ya macho, ile glakoma, ilikuwa imeshamla pembeni. Maradhi yale yana hila: mara nyingi huanza kunyang'anya uoni wa kandokando, na wa katikati unabaki, hata mtu asijue anachopoteza mpaka kimepotea kingi. Mwenyewe alilieleza jambo hilo kwa lugha ya karakana. "Nachungulia ndani ya bomba," alikuwa akisema. Gazeti alisoma, neno moja baada ya jingine. Uso wangu aliuona vizuri, lakini mkono niliomnyooshea kumsalimia ulikuwa ukining'inia hewani mpaka nimguse.

Mimi sikuwahi kujenga modeli ya kitu chochote. Nilidhani sandukuni mna ndege inayohitaji kubandikwa mabawa tu. Nilikuta fremu za plastiki nyeupe zilizoshikilia vipande vingi, vingine vidogo kuliko punje ya mchele, karatasi ya maelekezo yenye michoro bila maneno, na karatasi nyingine ya stika. Pembeni mwa sanduku paliandikwa 1/144. Maana yake, kila sentimita moja ya modeli inasimama mahali pa sentimita 144 za ndege ya kweli. Baba akanidai hesabu papo hapo. 727-200 ina urefu wa mita 46.7 toka puani mpaka ncha ya mkia. Nikagawanya, nikapata sentimita 32 na kitu. Mabawa, mita 32.9 toka ncha hadi ncha, yakawa sentimita 23 hivi. "Ndogo," nikasema. Baba hakujibu. Alikuwa ameshika nusu ya bodi, kile kiwiliwili cha ndege, ameiingiza kidole gumba ndani, anaipima.

Sheria zake zilianza jioni hiyo hiyo. Vipande vioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa kuwa plastiki inapotoka kwenye kalibu yake hubaki na mafuta, na rangi haishiki penye mafuta. Kipande kisivunjwe kwa kuzungushwa. Kikatwe kwa koleo, mbali kidogo na ukingo, kisha kile kipele kinachobaki kiondolewe kwa wembe na msasa. Fremu isitupwe mpaka ndege imekwisha. Na meza iwe na mpangilio, kila chombo mahali pake. Hili la mwisho lilikuwa kwa ajili yake zaidi kuliko kwangu. Akijua kibano kiko kulia kwa kikombe cha maji, alikichukua bila kukitafuta.

Gundi ilinishangaza. Ile ya modeli haigandishi tu. Inayeyusha plastiki ya pande zote mbili, zikachanganyika, na kiyeyushi kikishakauka pande mbili zimekuwa kitu kimoja. Nilipomsimulia Baba jinsi kingo zilivyolainika na kububujisha ukingo mwembamba, alifurahi sana. "Kumbe ni kuchomelea," akasema, na toka siku hiyo hakuita tena kugundisha.

Kwa pupa yangu nilijaza gundi nyingi mno kwenye shina la bawa la kushoto, kisha nikalishika palepale. Alama ya kidole changu, mistari yote, ilibaki imechorwa kwenye plastiki kama muhuri. Niliiacha ikauke siku mbili ndipo nikathubutu kuisugua.

Lakini kazi kubwa, iliyotuchukua jioni nyingi kuliko nyingine yoyote, ilikuwa mshono. Bodi ya ndege huja nusu mbili, kulia na kushoto. Ukiziunganisha unapata mstari mgongoni na mwingine tumboni, na hakuna ndege ya abiria yenye mstari mgongoni. Nilizibana kwa mipira ya kufungia pesa na tepu, nikasubiri usiku mzima, nikapaka puti ya kuziba nyufa, nikasubiri tena, nikasugua kwa msasa namba 400, kisha 600, kisha 1000 ukiwa umelowa. Nilipoinua kwenye taa niliona uso laini kama yai. Nikampelekea Baba kwa fahari.

Aliiweka mapajani. Hakuinama kuitazama. Aligeuza kiganja na kuburuta ukucha wa kidole cha kati kukatiza mgongo, kutoka upande mmoja kwenda mwingine, akisogea nusu sentimita kila mara. Nyuma kidogo ya chumba cha rubani ukucha ulisimama. "Hapa pana ngazi," akasema. Mbele ya mabawa ulisimama tena. Karibu na mkia, mara mbili. Mimi nilitazama pale pale alipogusa, kwa macho yangu mazima mawili, na sikuona kitu.

Nilikuwa na kopo la praima ya kijivu, ile rangi ya kutangulizia. Nikapuliza kidogo, na zile sehemu nne zikajitokeza zote, nyembamba kama unywele, mahali alipoonyesha. Plastiki nyeupe huficha. Kijivu kisichong'aa kinasema kweli. Nikarudi kwenye puti. Mara ya pili ukucha wake ulikwama sehemu mbili. Mara ya tatu ulikwenda moja kwa moja hadi mwisho, naye akairudisha mezani, mahali pake, bila kusema neno. Katika kazi yangu yote, nje na modeli, sijapata sifa niliyoitamani vile.

Kioo cha rubani niliharibu kidogo. Niliona gundi ya modeli inachelewa, nikatumia supaglu, ambayo mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu. Kilikuwa kama dirisha lililopumuliwa. Dawa ya meno kwenye pamba, kusugua kwa uvumilivu, kisha vanishi inayong'aa, vilirudisha sehemu kubwa ya uangavu wake. Waliokaa nyuma ya kioo kile katika ndege ya kweli walikuwa watatu: rubani, msaidizi wake, na mhandisi wa ndege aliyekaa pembeni akitazama ukuta wa saa na swichi. Baba alimtaja mhandisi yule kila tulipogusa sehemu ile, kwa heshima ya mtu anayemkumbuka jirani mwema.

Kosa langu kubwa lilikuwa la uzito. Kwenye mchoro mmoja wa karatasi ya maelekezo palikuwa na alama ya mzani ikielekeza puani. Nilibandika vipande viwili vya risasi ya kuvulia samaki, nikaona inatosha, nikaifunga bodi. Majuma yakapita. Siku niliyoweka magurudumu, nikaisimamisha mezani, ndege ikainua pua taratibu na kukaa kwa mkia.

Baba aliisikia ile sauti ndogo ya plastiki kugonga mbao. "Imekaa?" akauliza.

"Imekaa."

"Sasa fikiri. Injini zake ziko wapi?"

Zote tatu ziko nyuma. Hiyo ndiyo sura ya 727: mbili ubavuni mwa mkia, kulia na kushoto, na ya tatu ndani ya mkia wenyewe, ikivuta hewa kupitia tundu lililo juu, mwanzoni mwa ule mkia wa wima, na hewa hiyo kushuka kwa njia iliyopinda kama herufi S mpaka kwenye injini. Juu kabisa ya mkia ndipo yalipo mabawa madogo, mfano wa herufi T. Mzigo wote huo uko nyuma ya magurudumu makuu. Baba alinichorea kwa kidole juu ya meza, akinieleza kwamba hata kwenye ndege ya kweli mahali uzito unapoangukia hupigiwa hesabu kabla ya kila safari, na kwamba mashine hii ilitengenezwa kwa viwanja vyenye njia fupi, ndiyo maana ina ngazi yake yenyewe chini ya mkia, isitegemee uwanja kuwa na ngazi. Iliruka kwa mara ya kwanza Februari 1963. Mpaka utengenezaji unakoma mwaka 1984 zilikuwa zimetoka 1,832. Tarakimu hizo alizitoa kichwani kama mtu anayetaja umri wa watoto wake.

Sikutaka kuipasua bodi baada ya mshono ule. Tulitoboa tundu kwenye kishimo cha gurudumu la mbele, mahali pasipoonekana, nikapitisha chembe za risasi moja moja, nikazifungia kwa gundi ya kuchanganya mirija miwili. Baba alikuwa ameshika modeli chini ya mabawa kwa vidole viwili tu, kimoja kila upande, pale yalipo magurudumu makuu, na ndiye aliyekuwa mzani. "Bado. Bado. Ongeza tatu. Bado." Halafu pua ikashuka kwenye vidole vyake, na akacheka.

Rangi nyeupe ni ngumu kuliko zote. Ukiipaka nzito inachuruzika na kukusanyika penye kona. Ukiipaka nyepesi unaona kama hujafanya kitu. Njia ni ukungu mwembamba, kusubiri, ukungu mwingine, kusubiri. Nilihesabu mikono mitano. Jioni hizo za kusubiri hatukuwa na la kufanya, tukawa tunaongea. Ndipo aliponiambia kuhusu siku aliyokwenda kuaga kazini. Walimpeleka hangani, kwenye banda la ndege, wamwachie muda peke yake na ndege. "Niliona mlango," akasema. "Nikaona gurudumu. Niliona misumari ya kwenye bawa, safi kabisa. Ndege sikuiona." Nilifunika kopo la rangi, sikujua niseme nini, na yeye hakungoja niseme.

Stika zilikuwa za mwisho. Zinalowekwa kwenye maji ya vuguvugu kama nusu dakika, mpaka zianze kuteleza juu ya karatasi yake, kisha unazisogeza hadi kwenye ndege kwa brashi. Uso wa ndege chini yake lazima uwe unang'aa. Ukiwa hauna mng'ao, hewa hunaswa chini ya stika na kutoa weupe wa fedha usiofutika, kwa hiyo kwanza nilipuliza vanishi. Zile ndogo zilikwenda vizuri. Ila kulikuwa na mstari wa buluu wenye madirisha yote ya abiria, mmoja kila upande, karibu urefu wa bodi nzima. Wa kulia ulijikunja katikati na kujishika wenyewe. Moyo ulinienda mbio. Niliuangushia matone ya maji mengi, nikaukunjua kwa ncha ya brashi, milimita kwa milimita, nikishikilia pumzi. Ulinyooka. Dirisha moja lilibaki limechanika, nikalijaza kwa rangi nyeusi kwa ncha ya kijiti cha meno. Mpaka leo nikiitazama huwa nalitafuta hilo kwanza.

Ilipokauka nilimletea. Alikuwa kwenye kiti chake, taa nyuma ya bega. Nilidhani ataipokea, nikamnyooshea. Hakuinua mikono.

"Rudi nyuma nayo," akasema.

Nikarudi hatua moja.

"Tena. Ishike ubavu."

Nikarudi nyingine, nikiwa nimeishika chini ya tumbo, pua ikielekea dirishani. Alikuwa ametulia kabisa, kichwa hakisogei. Nikarudi nusu hatua zaidi, mpaka kisigino kikagusa kabati.

"Hapo. Usitikisike."

Alitazama kwa muda mrefu. Macho yake kwa kawaida yalikuwa yakihangaika, yakikokota kitu kutoka kipande hadi kipande. Sasa yalikuwa yamesimama mahali pamoja.

"Pua ninayo," akasema. "Na mkia ninao." Kisha, baada ya kitambo, "Igeuze sasa. Nionyeshe kwa nyuma, zile tatu."

Nikaigeuza. Mkono ulipochoka nikabadilisha mwingine, naye akaniambia niigeuze tena, taratibu, upande wa kushoto.